Kibodi yenye nembo ya gemu: inamfaa kweli mchezaji wa gemu za mikakati?

KamandaChipukizi

Wakuu, shikamooni mlionitangulia, na wenzangu mambo vipi. Nimecheza Age of Empires II kwa muda mrefu, sasa nimehamia StarCraft II na kasi yake inanitoa jasho. Kibodi niliyonayo ni ile ya ofisini na imechoka, kuna vitufe mpaka uvikandamize ndiyo viitike. Nimepata watu wawili wanaouza. Mmoja ana Razer Marauder, ile iliyotengenezwa maalumu kwa StarCraft II, yenye taa zinazobadilika kufuatana na kasi unayotoa amri. Wa pili ana kibodi ya mekanika ya kawaida, haina nembo ya gemu yoyote wala ule upande wa namba wa kulia.

Nimeona pia seti za vitufe zilizochorwa picha za majengo na askari. Hizo ndizo zimenivutia zaidi, kwa sababu bado nainamisha kichwa kila nikitafuta kitufe, na nikikiinua nakuta vita vimeshaisha. Je, kibodi ya gemu moja inasaidia, au ni pambo tu?

NgomeKongwe

Marahaba. Chukua hiyo isiyo na nembo, mdogo wangu. Nakwambia hivyo nikiwa mtu ninayezipenda hizi gemu tangu enzi za Brood War, nyongeza ya StarCraft ya kwanza, na kibodi za aina unayoitamani nimezitumia vya kutosha.

Niliyokuwa nayo ni Zboard ya kampuni ya Ideazon, ambayo SteelSeries waliinunua mwaka 2008. Ilikuwa na kitako kimoja, halafu uso mzima wa vitufe unaubandua na kupachika mwingine: mmoja wa kuandikia, mwingine wa World of Warcraft, mwingine wa Age of Empires III. Juu ya vitufe imeandikwa kazi ya kila kimoja. Ukiupachika mara ya kwanza unajiona umekamata usukani wa meli. Kisha gemu inaanza, na macho yanavutwa chini kila mara kwa sababu huko chini kuna kitu cha kusoma. Kichwa kikiinama, skrini inabaki bila mlinzi. Hilo ndilo tatizo ulilonalo tayari, na picha zitalilea badala ya kuliondoa.

Lakini kuna sababu kubwa kuliko hiyo. Jiulize, kwenye kitufe cha S watachora nini? Kwa mpangilio wa kawaida wa StarCraft II, ukiwa umechagua Command Center, yaani jengo kuu, S inatengeneza SCV, yaani mfanyakazi. Ukiwa umechagua askari, S hiyohiyo inawasimamisha. A ukiwa kwenye Barracks, yaani kambi, inatoa askari aitwaye Marine, na A ukiwa na jeshi ni amri ya kushambulia. Kitufe kimoja kina kazi tofauti kulingana na ulichokishika wakati huo, na hapo nimetaja Terran peke yao, moja ya jamii tatu za gemu hii. Zerg na Protoss wana mambo yao. Mchoraji atachagua kazi moja akaichora, zilizobaki utazikariri kama mtu mwingine yeyote. Na siku ukiamua kuhamisha amri kwenye kitufe kingine, jambo ambalo kila mchezaji hulifanya akishakomaa, ile picha inageuka kuwa uongo.

Sasa tazama chini kulia kwenye skrini unapocheza. Kile kisanduku cha amri kina safu tatu, kila safu nafasi tano, jumla 15. Ingia kwenye mipangilio ya vitufe, chagua mpangilio unaoitwa Grid. Safu ya juu inakuwa Q W E R T, ya kati A S D F G, ya chini Z X C V B. Kilichopangwa kwenye skrini kimelala vilevile chini ya mkono wako wa kushoto. Amri iko kwenye pembe ya juu kushoto? Bonyeza Q. Iko katikati kabisa? Bonyeza D. Picha unazozitaka zipo, ila zipo mahali macho yako yanapotakiwa kuwepo, na zinabadilika zenyewe kila ukichagua jengo jingine. Imo ndani ya gemu, hulipi chochote.

Hizo taa za Marauder zinapima kasi, basi. Mtu anayebofya ardhi mara sita kumpeleka askari mmoja sehemu moja ataona taa zinachangamka, huku madini yake yamerundikana na hakuna kambi inayotoa mtu. Wewe kwa sasa tazama namba mbili zilizo juu kulia: madini yasijilimbikize, na nafasi ya kuongeza askari isijae. Macho yakizoea kupita hapo kila baada ya sekunde chache utapanda ngazi bila taa yoyote.

Tena wachezaji wa kulipwa wa Brood War kule Korea Kusini, ambao vidole vyao sijaona mfano wake, wengi walikuwa wanaipenda Samsung DT-35. Ni kibodi ya ofisini ya utando wa mpira, haina taa wala mchoro. Mikono yao iliizoea, ikatosha.

Kabla hujalipa, muombe huyo muuzaji wa pili uishike mwenyewe. Angalia kama ina safu ya F1 hadi F12. Siku hizi kuna kibodi ndogo mno ambazo safu hiyo imekatwa, na F1 unaipata kwa kushikilia kitufe kingine pamoja nayo. Kwa gemu za mikakati hizo ziache kabisa. F1 inakuitia mfanyakazi aliyekaa bure, F2 inakamata jeshi lote kwa mpigo, na vingine vya safu hiyo vinahifadhi sehemu za ramani unazotaka kuzirukia. Kukosa upande wa namba ni faida kwako: mausi inasogea karibu na mwili na bega la kulia linapumzika.

Halafu bonyeza Ctrl na Shift za kushoto kwa kidole kidogo, mara nyingi, bila haraka. Ctrl na 1 unaunda kundi, Shift na 1 unaongeza askari kwenye kundi hilo, na kazi yote hiyo inabebwa na kidole dhaifu kuliko vyote. Vitufe hivyo viwili vikiwa vigumu, vifupi au vinakwama, usiichukue hata kama iliyobaki ni dhahabu. Kuhusu swichi zilizo chini ya vitufe, kama ni za Cherry MX, nyekundu zinahitaji nguvu ya gramu 45 hivi, nyeusi 60, na bluu zinalia tik kila ukibonyeza. Mimi napenda nyekundu kwa sababu vipindi vyangu ni virefu na kiganja huchoka. Wewe sikiliza mkono wako.

FundiWaSwichi

Naunga mkono, naongeza la kiufundi kidogo. Matangazo ya kibodi za gemu hupenda kujisifu kuwa unaweza kubonyeza vitufe vyote kwa pamoja na vyote vikasomeka. Chini ya vitufe kuna nyaya zilizopita kwa safu na kwa nguzo. Kibodi isiyo na daiodi, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ukishikilia vitufe vitatu vilivyokaa kwenye pembe tatu za mstatili, inashindwa kujua kama cha pembe ya nne kimebonyezwa au la, kwa hiyo nyingi zinaamua kukipuuza. Mchezaji wa gemu za kurushiana risasi linamuuma kweli hilo, maana anashikilia W, A, Shift na kitufe cha nafasi kwa wakati mmoja. Mchezaji wa mikakati anabonyeza viwili, mara chache vitatu. Usilipie sifa usiyoitumia.

Kuipima ni rahisi. Fungua ukurasa wa kuandikia, shikilia Shift ya kushoto, pitisha kidole kutoka 1 mpaka 0. Alama zote kumi zikitokea bila kuruka, imetosha.

Jingine: vile vitufe vya pembeni vinavyotoa amri nyingi kwa mbonyezo mmoja, mashindano mengi yanavikataza, na ukivizoea utakuwa umejenga mkono usiokubalika siku ukitaka kushindana. Na kama roho yako inataka mchoro wa gemu, kibodi ya pili ikiwa na swichi zenye ncha ya msalaba unaweza kubadilisha vifuniko kimoja kimoja. Weka nembo ya Protoss kwenye Esc, ambako haikusumbui.

VidoleVitatu

Naomba niseme kwa upande wetu wengine. Mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu vinavyofanya kazi, na kibodi ya kawaida hainitoshi hata ikiwa na swichi nzuri kiasi gani. Kufika kwenye 6 au G lazima nihamishe kiganja kizima, na nikirudi sipo tena pale nilipokuwa. Kilichonisaidia ni kile kibao kidogo cha mkono mmoja, mfano Logitech G13 au Razer Tartarus. Vitufe vimezunguka kiganja, kidole gumba kina kazi yake, na kila kitufe nakipangia herufi ninayotaka. Sasa nashika makundi manne ya askari bila maumivu.

Hicho nacho ni kifaa maalumu, kwa hiyo nisingependa chipukizi wetu aondoke hapa akidhani kila kifaa maalumu ni upuuzi. Ila angalieni tofauti: changu kimetengenezwa kwa umbo la mkono, na kinanifuata kwenye gemu yoyote ninayofungua.

NgomeKongwe

VidoleVitatu, nashukuru sana kwa kulisema hili. Kifaa kinachomfuata mchezaji na mkono wake nakiunga mkono kwa moyo wote, na natamani mada kama hizi zingewataja watu wenye mikono kama yako mapema zaidi. Ninachokipinga ni kifaa kinachofuata jina la gemu.

KamandaChipukizi

Asanteni sana wakuu. Nimeenda kuishika ile ya mekanika: safu ya F ipo, Shift ni ndefu, na jaribio la alama kumi limepita. Naichukua. Swali la mwisho: hili la kuangalia chini naliondoaje? Na kuna kitu kinanikera, katikati ya mapambano kisanduku kinatokea kwenye skrini kuniuliza kuhusu Sticky Keys, nikirudi kwenye gemu nimeshapigwa.

NgomeKongwe

Hicho kisanduku ni cha Windows. Ukigonga Shift mara tano mfululizo kinadhani unaomba msaada wa kubonyeza, na sisi Shift tunaigonga muda wote kupanga amri kwa foleni. Nenda kwenye mipangilio ya ufikivu, sehemu ya kibodi, zima ile njia ya mkato ya Sticky Keys. Ukiwa humohumo kwenye mambo ya kibodi, tafuta muda wa kusubiri kabla kitufe hakijaanza kujirudia, uweke mfupi kabisa, na kasi ya kujirudia iweke juu. Ukiwa Zerg na una mabuu mengi, ukishikilia kitufe cha Zergling, askari wao mdogo, mabuu yanageuka kwa mfululizo badala ya kusuasua. Mabadiliko hayo utayasikia kwenye vidole siku hiyohiyo.

Kuhusu macho, cheza na kompyuta kwenye ngazi rahisi na utandaze kitambaa chepesi juu ya mkono wa kushoto. Usijifunze vyote. Anza na vitufe vya wafanyakazi, jengo la kuongeza nafasi, na kambi moja. Kidole cha shahada kiegemee F, ile yenye kijinundu kidogo, ndiyo alama yako ya kurudia nyumbani gizani. Ukishindwa kupata kitufe usifunue kitambaa. Tazama kisanduku cha amri kwenye skrini, hesabu nafasi, kisha bonyeza. Utachelewa mwanzoni, na kompyuta ya ngazi rahisi itakusubiri. Ukiona hayo matatu yanatoka bila kufikiri, ongeza makundi ya askari 1 na 2, halafu uje utuambie umeamua kucheza jamii gani, maana Zerg wana mazoezi yao ya peke yao ya mkono wa kushoto na nitakuandikia.