Waranti ya gari la Saidi

Saidi: Asalaam aleikum wana ukoo. Gari nimeshapata, iko Dar. Muuzaji anasema nikiongeza laki tisa ananipa waranti ya mwaka mzima, injini na giaboksi. Nilipe? Anataka jibu leo.

Mjomba Bakari: Waaleikum salaam. Anayetaka jibu leo ana lake.

Da Mwanaidi: Shikamoo mjomba. Saidi, si unakata bima kubwa? Ya nini kulipa mara mbili?

Saidi: Bima ni ajali, wizi, moto. Giaboksi ikijifia yenyewe bima hawakujui, dada.

Rashidi: Na hiyo giaboksi ni CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Ikianza kuvuma ukiwa unapanda Newala, utauza mpaka kitanda. Mimi ningelipa.

Mjomba Bakari: Marahaba Mwanaidi. Saidi, tuma picha ya mkataba. Sio ule ukurasa wa rangi, ule wa maandishi madogo.

Saidi: 📷📷

Mjomba Bakari: Nimevaa miwani. Breki pedi, klachi, shokapu, bushi, betri, havimo. Kutu haimo, na sisi huku Shangani, Mtwara, chumvi inakula hadi bati la jikoni. Sevisi kila kilomita 5,000 kwenye gereji yao, risiti utunze. Ukiruka moja, waranti imekufa. Halafu soma kifungu cha 9: wanalipa mwisho milioni moja na nusu.

Rashidi: Duh. Hiyo haitoshi CVT nzima na ufundi wake.

Da Mwanaidi: Hiyo gereji yao iko wapi?

Saidi: Ngoja nimuulize.

Saidi: Dar tu 😬

Mjomba Bakari: Kilomita zaidi ya 550. Gari imelala Naliendele, uikokote mpaka Dar kwa sababu fundi ni wa bure? Na gharama ya kuivuta haimo, nimetafuta. Mwezi wa tano 2024 mvua ilipokata barabara ya Dar kule Somanga, mabasi yenyewe yalikwama.

Rashidi: Kwa mtu anayeishi Dar bado naona inafaa.

Mjomba Bakari: Wa Dar alipe. Huyu wa kwetu ampeleke fundi akaipime kwa mashine kabla hajatoa hata shilingi, na abadilishe oili ya CVT, ile yake maalumu. Wakimwekea oili ya giaboksi yoyote wameimaliza. Hela inayobaki iende akaunti ya peke yake.

Mama Saidi: Na isiguswe. Malipo ya korosho mpaka msimu ujao, mwanangu.

Saidi: Sawa mama. Jamani, muuzaji kashusha, sasa anasema laki sita!

Da Mwanaidi: 😂😂 Si ilikuwa tisa sasa hivi?

Mjomba Bakari: Mwache mpaka magharibi, itafika tatu.

Saidi: Nimemwambia waranti sitaki. Rashidi, nitumie namba ya yule fundi wako wa Dar, aende kesho asubuhi.