Nitapimaje nguvu ya mwingiliano kati ya sehemu mbili za ubongo?

Swali
Ndugu wanajukwaa, ninachambua vipimo vya EEG, yaani umeme wa ubongo, vilivyochukuliwa kwa elektrodi zilizobandikwa juu ya ngozi ya kichwa. Nimekokotoa koherensi (kiwango ambacho ishara mbili zinaenda pamoja) kati ya elektrodi ya mbele na ya nyuma, na thamani yake ni kubwa. Je, ninaweza kuandika kwamba sehemu hizo zinaathiriana kwa nguvu, na kwamba ya mbele ndiyo inayoiongoza ya nyuma?

Jibu la kwanza
Huwezi kudai lolote kati ya hayo mawili, ndugu yangu. Umeme wa chanzo kimoja ndani ya ubongo husambaa kupitia fuvu na kuzifikia elektrodi nyingi kwa wakati uleule, hivyo elektrodi mbili zinaweza kufanana ilhali zote zinasoma chanzo kilekile. Mwaka 2004 Guido Nolte na wenzake walipendekeza itumike sehemu ya kufikirika (imaginary) ya koherensi ikiwa bado namba changamano, ambayo huwa sifuri pale ishara zinapochanganyika bila kuchelewa. Gharama yake ni kwamba mwingiliano wa kweli usio na ucheleweshaji nao hupotea.

Jibu la pili
Kuhusu mwelekeo, wengi huanza na usababishi wa Granger, mchumi aliyeueleza mwaka 1969: X huhesabiwa kuwa inaiathiri Y iwapo historia ya X inaboresha utabiri wa Y kuliko historia ya Y peke yake. Entropi ya uhamisho, yaani kipimo cha habari inayotoka ishara moja kwenda nyingine, aliyoileta Thomas Schreiber mwaka 2000, haikulazimishi kudhani uhusiano wa mstari, lakini inahitaji data nyingi zaidi. Tahadhari: thalamasi, sehemu iliyo ndani katikati ya ubongo, ikipeleka ishara kwenye sehemu zote mbili kwa ucheleweshaji tofauti, vipimo vyote viwili vitakuonyesha mwelekeo usiokuwepo.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Nikipata thamani, nitajuaje kama ni kubwa?

Jibu la tatu
Vuruga fezi za ishara moja (mahali mawimbi yake yanapoanzia) bila kubadili spektra yake (nguvu ya kila wimbi), rudia mara mamia, kisha ulinganishe thamani yako na zinazotokana na ishara hizo zilizovurugwa. Hata hivyo, hilo litakuambia tu kama mwingiliano upo, si nguvu yake. Mifumo miwili iliyofungamana kwa nguvu kiasi cha kwenda sawa kabisa huifanya entropi ya uhamisho ishuke hadi sifuri, kwa kuwa kila mmoja tayari unajitabiri wenyewe. Kwa hiyo thamani ndogo inaweza kumaanisha mfungamano hafifu au mkubwa mno. Mimi ningeiga kwanza osileta mbili za Rössler (milinganyo inayotoa mitetemo isiyo ya kawaida) kwenye kompyuta, zenye urefu na kelele kama za data yako, niongeze mfungamano hatua kwa hatua na kuona kipimo kinapanda hadi wapi kabla ya kuanza kushuka.