Ugiriki kwa feri: visiwa sita siku 9, inawezekana?

mama_pacha_ebb:
Habari zenu ndugu. Mwakani mwezi wa nane mimi na mzee wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa, tumekuwa tukiweka pesa kidogo kidogo SACCO tuende Ugiriki, na hatutaki kukaa hoteli moja kula na kulala tu, tunataka tupande feri tutoke kisiwa hiki twende kile. Sisi ni watu wa Entebbe, feri ya Kalangala tumeipanda sana pale Nakiwogo kwa hiyo maji hayatutishi. Tuna siku 9, nimeandika Mykonos, Santorini, Krete, Rhodes, Kos halafu Corfu, tena nikiangalia ramani naona Kos na Bodrum ya Uturuki ni pua na mdomo nikasema tuguse na huko siku moja turudi. Aliyefika anishauri jamani, na viza pia tunaanzia wapi?

baharia_wa_luuku:
Dada hongera sana kwa hiyo miaka 10. Ila orodha ipunguze, tena sana. Corfu iko upande mwingine kabisa wa nchi, magharibi, feri zake zinatoka bandari ya Igoumenitsa wala si Piraeus, ile bandari ya Athens. Rhodes nayo kutoka Piraeus ni zaidi ya masaa 12 majini, unalala melini. Kwenye ramani visiwa vinaonekana vimebanana kumbe feri zina njia zake kama taksi za Old Taxi Park pale Kampala, ya Mukono haikufikishi Entebbe hata ukimbembeleza konda.

Chagueni njia moja. Mimi 2019 nilienda Paros, Naxos na Santorini, zote zinafuatana kutoka Piraeus. Feri kubwa ya kawaida inafika Paros kwa masaa manne hivi, Naxos matano, Santorini saba au nane, na Paros kwenda Naxos ni mwendo mfupi sana. Kuna boti za kasi pia lakini bei yake iko juu na nyingi huruhusiwi kutoka nje, sasa umekwenda kuona bahari halafu umefungiwa ndani kama kwenye basi, mimi siwezi. Kwenye feri kubwa unakata tiketi ya dekini, unakaa juu na upepo wako na mkate wako.

Sasa hilo la upepo ndilo nataka mlishike. Mwezi wa nane kuna upepo wa kaskazini wanauita meltemi. Jua linawaka, hakuna wingu hata moja, unaamka unasema leo safari ni njema, kumbe bahari imechafuka na meli zimezuiwa kutoka bandarini, boti za kasi ndizo zinazosimamishwa mapema. Upepo huo ulinikuta Naxos na ndege yangu ilikuwa kesho yake asubuhi. Nilishinda gatini nimekalia begi naangalia mawimbi yanapanda ukuta wa bandari, pesa ya feri nilirudishiwa lakini tiketi ya ndege ilipotea na iliniuma miezi. Kwa hiyo usiku wa mwisho laleni Athens, mkiweza siku mbili kabisa.

nyabo_wa_ntinda:
Kuhusu Uturuki dada kuwa makini sana. Uturuki haiko Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki ikiwemo. Kama viza yenu ni ya kuingia mara moja, mkishapanda boti ya Bodrum mmeshatoka na Kos hamrudi, hata kama mabegi yako hotelini kule. Na Uturuki inataka viza yake. Acheni hiyo.

Viza ya Schengen ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari lazima ifike yuro 30,000, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ila msisubiri huko mwisho kwa sababu kiangazi foleni ni ndefu. Ubalozi wa Ugiriki uko Nairobi, waandikieni mapema muulize makaratasi na alama za vidole mnapeleka wapi. Hayo maandishi ya SACCO yawekeni pamoja na taarifa ya benki, yanaonyesha pesa imekusanywa polepole, haikuingia jana.

mama_pacha_ebb:
Asanteni sana, mzee amesoma akasema afadhali. Mykonos, Krete, Corfu, Rhodes, Kos na Bodrum tumefuta. Sasa ni Paros siku 2, Naxos 3, Santorini 2 halafu Athens 2. Naxos kuna nini kweli cha siku tatu?

baharia_wa_luuku:
Naxos mngeongeza ningefurahi zaidi. Kuna Portara, mlango wa marumaru wa hekalu la Apollo ambalo halikumalizwa, umesimama peke yake karibu na gati, nendeni jua likizama. Kuna vijiji vya mlimani, na viazi vyao ni vitamu, wanajivunia navyo kabisa.

Jambo lingine, mkikaribia kisiwa wanawaita mshuke chini kwenye magari. Mtasimama na mabegi katikati ya malori, injini zimeshawashwa, moshi wa dizeli unawaingia puani, halafu ule mlango mkubwa wa chuma wa nyuma unaanza kushuka kabla meli haijagusa gati, mnaona kwanza anga, halafu nyumba nyeupe, halafu miguu ya watu wanaosubiri kupanda. Meli inasimama dakika chache tu kwa hiyo shikaneni mkono mtembee.

mama_pacha_ebb:
Hadi nimesisimka. Na Santorini tukae upande gani wa meli?

baharia_wa_luuku:
Mkitoka Naxos, nje upande wa kushoto. Meli inaingia katikati ya volkano, na vile vijiji vyeupe viko juu kabisa kwenye ukingo wa mwamba.