Naomba ushauri: modeli yangu inageuza mbuga yote kuwa msitu

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nimekwama na LPJ-GUESS, ile modeli inayokuza miti na nyasi ndani ya kompyuta kwa kufuata joto, mvua na hewa ya ukaa.

Kwanza naiacha iende miaka 500 kutoka ardhi tupu mpaka uoto utulie. Hapo mambo safi: nyasi zimetawala, miti ya kuhesabu. Shida inaanza nikipandisha hewa ya ukaa kutoka 280 hadi 560 kwa kila chembe milioni moja. Miti inafumuka, nyasi zinafia kivulini, hata nikipunguza mvua!

Najua sehemu ya hili ni kweli. Hewa hiyo ikizidi, majani hubana vitundu vyake, mti usipoteze maji mengi. Nyasi nyingi za ukanda wa joto ni za kundi la C4, tayari zina njia yao ya kuikusanya, hivyo hazifaidi sana. Lakini kiasi hiki? Jana usiku ndipo nikagundua nilikuwa nimezima sehemu mbili za modeli (msinicheke): moto, ule unaoua miti michanga, na upungufu wa naitrojeni, ule unaobana ukuaji.

Sasa niwashe kimoja kimoja nimjue mkosaji, au vyote kwa pamoja? Kompyuta yangu hula siku mbili kwa kila jaribio. Na picha za satelaiti za ukijani zinafaa kulinganishia, au zinachanganya miti na nyasi? Aliyewahi kupita hapa anisaidie.