Tupeane uzoefu: kompyuta ya nyumbani inayojizima yenyewe, wewe uligunduaje tatizo?

Mwanzisha mada (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, habari za jioni.

Naandika kutoka hapa Kigoma, mwisho wa reli. Nyumbani nina kompyuta ya mezani ambayo ndiyo riziki yangu ya pili. Nachapa mitihani ya walimu, barua za kuomba kazi na kadi za michango ya harusi. Masika ya mwaka jana ikaanza kujizima. Haigandi, haileti skrini ya bluu, haitoi onyo lolote. Inakata tu, feni zinanyamaza, huku taa ya chumbani inawaka na redio inaendelea. Ukibonyeza inawaka kama kawaida. Kuna siku ilizima mara 5, kuna wiki nzima haikuzima hata mara moja. Mwalimu mmoja alipoteza mtihani wa kidato cha pili niliokuwa nauchapa tangu magharibi, na asubuhi yake ndiyo ulitakiwa kufanyika. Lile jambo liliniuma sana.

Nimehangaika nayo miezi 7. Nilipigiwa Windows mara 3. Nikanunua ramu, nikabadilisha hadidiski. Kila tulipobadilisha kitu ilitulia siku mbili tatu, tukasema imepona, kisha ikarudia. Sasa naelewa kwamba ingetulia hata tusingegusa kitu, maana tatizo lenyewe ni la kuja na kuondoka. Ndiyo maana hela inaliwa hivi hivi.

Aliyenifungua macho ni mke wangu. Ana genge la dagaa na mawese, na wadeni wake wote anawajua kwa daftari. Akaniuliza, "Baba, hiyo mashine inazima saa ngapi?" Nikasema muda wowote. Akasema, "Muda wowote ndiyo saa ngapi? Andika." Nikaweka daftari pembeni ya kibodi. Kila ikizima naandika siku, saa, nilikuwa nafanya nini, na ndani ya nyumba kipi kingine kilikuwa kinatumia umeme.

Baada ya wiki mbili nilikuwa na mistari 19. Mistari 15 ilikuwa kati ya saa 1 na saa 3 usiku. Iliyobaki yote ni Jumamosi asubuhi. Usiku ndio mtaa mzima unapiga pasi, unachemsha maji na kuwasha televisheni. Jumamosi asubuhi nyumba ya pili kutoka kwangu jamaa anachomelea mageti. Nilikaa nikalitazama lile daftari muda mrefu.

Fundi umeme akaja na multimita. Mchana soketi ilisoma volti 226. Saa 2 usiku ikasoma 181, na jirani alipoanza kuchomelea namba zikawa zinaporomoka hadi 160 na kitu, halafu zinapanda tena. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230. Zamani tungeliona hili kwa macho, maana balbu za waya zilikuwa zinakuwa nyekundu umeme ukishuka. Hizi taa za LED nyingi zinabaki na mwanga uleule, kwa hiyo unaamini umeme uko sawa.

Lakini nikajiuliza, mbona jirani zangu wawili wana kompyuta za mezani na hazizimi? Hapo ndipo tukafika kwenye pawa saplai, lile boksi ndani ya kasha linalopokea umeme wa ukutani na kuigawia kompyuta. Fundi aliifungua (msifungue wenyewe, nitaeleza). Ndani kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya duara vyenye alama ya msalaba juu. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa, ukipitisha kidole hakisikii kitu. Zangu 3 zilikuwa zimevimba kama kifuniko cha chupa kinachotaka kufyatuka, na moja ilikuwa imevuja ute wa kahawia ulioganda kwenye bodi. Kazi yake moja ni kuhifadhi umeme kidogo ili umeme wa ukutani ukiyumba kwa sehemu ndogo ya sekunde, mashine isihisi. Pawa saplai nzima inaweza kuvumilia kama milisekunde 16 hivi bila kupokea kitu. Yangu ilikuwa haivumilii tena. Kwa hiyo matatizo yalikuwa mawili yanayosaidiana, umeme mdogo na pawa saplai iliyochoka. Mchana umeme mzuri unaificha pawa saplai mbovu, usiku inaumbuka.

Nimeweka pawa saplai nyingine na stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme unaoshuka na kupanda. Wiki ya 5 hii, daftari halina mstari mpya.

Kuhusu kufungua: ndani ya pawa saplai kapasita kubwa inabeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mpeni fundi anayeijua kazi hiyo. Kufungua kasha la kompyuta na kufuta vumbi ni sawa, lile boksi la pawa saplai acha.

Karibuni. Eleza yako ilikuwa inazima wakati gani, ulishuku nini kwanza, na mwisho ikawa nini. Hata kama hujapona bado, andika.

Mdau (Ujiji)

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nahariri video za harusi. Yangu haikujali saa, ilijali kazi. Ukichapa barua siku nzima haizimi. Ukianza kutoa video nzima, dakika ya 15 au 20 inakata. Na ukiiwasha papo hapo inazima mapema zaidi, dakika 3 tu. Ukiiacha ipumzike nusu saa inakwenda tena. Hiyo ya kuzima haraka zaidi ukiwa umeiwasha bado moto ndiyo iliyonionyesha kwamba ni joto.

Naishi kando ya barabara ya vumbi na kasha lilikuwa chini sakafuni, chini ya dirisha. Nilipofungua, kati ya feni ya prosesa (ubongo wa kompyuta) na zile bati zake za kupoozea kulikuwa na vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, unalivua na vidole linatoka zima. Feni ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, ila hewa haipiti. Pesti chini yake, ile dawa nzito inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bati, ilikuwa imekauka, inapukutika. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajilinda, kwanza inapunguza mwendo, ikizidi inazima mashine. Nilipima kabla, nyuzi 97. Baada ya kusafisha na kupaka pesti mpya, kazi ileile, nyuzi 68.

Ukitumia blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke, utaiua. Na pesti ni kidogo tu, kama punje ya dengu. Kasha sasa liko juu ya meza.

Mdau (Mwandiga)

Sisi ni wa sola, na naandika kwa sababu nilisumbuka kwa kitu ambacho hakuna fundi aliyenitajia. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa inakwenda kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, bila shida. Nikanunua mpya zaidi, yenye nguvu. Ikawa inawaka, nikifungua kitu kizito inakata. Muuzaji akasema inveta ndogo. Nikaongeza inveta kubwa mara mbili, bado.

Kumbe inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama umeme wa gridi, zinatoa umeme wa ngazi ngazi. Redio na chaji za simu hazijali. Ila baadhi ya pawa saplai za kisasa zina sakiti inayofuatisha wimbi la umeme, na zikikutana na ngazi ngazi zinachanganyikiwa na kujizima. Niliazima inveta ya pyua saini, yaani inayotoa wimbi laini, kwa rafiki, ndogo kuliko yangu, mashine ikakaa siku nzima. Ukubwa haukuwa tatizo hata kidogo. Kabla hujanunua, azima kwanza ujaribu.

Mdau (Katubuka)

Natengeneza kompyuta mwaka wa 9 sasa. Nakubaliana na daftari, na nyongeza yangu ni kwamba Windows nayo ina daftari lake. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika eventvwr, ingia kwenye kumbukumbu za mfumo, tafuta saa ileile ilipozima.

Ukikuta namba 1074, hapo mashine ilizimwa kwa amri, na jina la programu iliyotoa amri limeandikwa. Mara nyingi ni masasisho, na hapo hakuna ubovu wa kifaa. Namba 6008 na 41 maana yake mashine ilizima bila kuaga. Wateja wengi wakiona 41 wanadhani ndiyo jina la ugonjwa. Hapana, inasema tu kwamba ilikufa ghafla, haisemi imeuawa na nini. Fungua maelezo yake, angalia BugcheckCode. Ikiwa 0, elekea kwenye umeme, pawa saplai au joto. Ikiwa na namba nyingine, Windows yenyewe ilianguka, na hapo ndipo ramu na madraiva (programu zinazoendesha vifaa) yanaingia.

Pia wengi mashine zao zinatoa skrini ya bluu ila hamuioni, kwa sababu Windows imewekwa ijiwashe upya mara moja. Ondoeni tiki hiyo kwenye mipangilio ya mfumo, muone kama kuna ujumbe.

Mdau (Kasulu)

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu. Yangu ilikuwa inazima sekunde chache baada ya kuwaka, siku nyingine inakaa saa nzima. Nimebadilishiwa pawa saplai bila faida, haikuwa yenyewe.

Ilikuwa kitufe cha kuwashia. Plastiki ilipasuka kwa ndani, ukikibonyeza kinabaki kimezama kidogo bila kuonekana. Na kompyuta ukishikilia kitufe kama sekunde 4 inazima kwa nguvu. Kijana mmoja alichomoa zile nyaya mbili nyembamba za kitufe kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), akaiwasha kwa kugusisha pini mbili kwa bisibisi. Ikakaa tangu saa 3 asubuhi hadi nilipoizima mwenyewe jioni. Sasa natumia kitufe cha kuwasha upya, nyaya zimehamishiwa pale.

Mdau (Gungu)

Yangu fupi. Aliyekuwa anazima ni UPS, lile boksi lenye betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Betri yake ilikuwa na miaka 5, imekufa. Umeme ukiyumba kidogo UPS inahamia kwenye betri, betri haina kitu, kompyuta chini. Nilichomeka moja kwa moja ukutani ikaacha. Nikabadilisha betri, sasa iko kwenye UPS na haizimi.

Mdau (Kibirizi)

Wakuu, na ile betri ya duara kwenye mazabodi? Fundi wangu kasema ndiyo.

Mwanzisha mada

Hiyo CR2032 kaka inatunza saa na mipangilio mashine ikiwa imechomolewa. Ikiisha utaona tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Kuzima katikati ya kazi siyo dalili yake. Ni bei ndogo, badilisha kama tarehe inapotea, lakini usiishie hapo. Na mwalimu wa Kasulu, marahaba, asante sana. Kitufe hata mimi nisingekifikiria.

Mdau (Buzebazeba)

Mimi bado sijapona. Imeanza wiki mbili zilizopita, ndiyo anayosomea binti yangu wa kidato cha nne. Nimesafisha vumbi jana. Usiku haizimi. Nimeanza daftari leo, mstari wa kwanza: saa 4:10 asubuhi, hakuna aliyekuwa anaitumia, pasi haikuwaka, mvua ilikuwa inanyesha.

Mwanzisha mada

Mama, andika pia imechomekwa wapi, soketi ya ukutani au ekstensheni, na ukigusa plagi kama inacheza. Halafu mstari wa pili ukipatikana, uweke hapa hapa, hata kama ni usiku wa manane. Nitauona.