Picha za kuwakumbuka askari wetu waliofia vitani, zipigweje?

picha_chake: Asalam alaykum jamani. Mie kazi yangu kamera, harusi na maulidi huku Chake, Pemba, lakini kuna kitu kinanikaa kichwani tokea ile Desemba 7, 2017 walipouliwa askari wasiopungua 14 wa Tanzania pale Semuliki, Kongo, walikwenda kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa na Wazanzibari wenzetu walikuwemo. Kila Julai 25 tunaskia mashujaa mashujaa, mashada yanawekwa, gwaride, basi, sura zao wala hatuzijui. Sasa nimeona kazi ya mpiga picha Ashley Gilbertson, yule alopiga vyumba vya kulala vya askari waliofia Iraq na Afghanistan, vyumba 40 sawa na idadi ya askari wa platuni moja, kikosi kidogo cha jeshi, picha nyeusi na nyeupe, mtu hamna ndani, kitanda tu na vitu vyake kama alivoviacha. Nataka nifanye kama hivo Unguja na Pemba. Familia zitakubali kweli?

BintiWete: Waalaykum salam. Wazo zuri, ila chumba gani hicho utakachokikuta kakaangu? Huku mtu akifa, eda haijesha nguo zishatolewa sadaka, mirathi ishagaiwa na chumbani keshaingia mdogo wake na mkewe. Ukipiga kitanda kitupu hapa Wete utakuwa umekipanga mwenyewe, uongo mtupu. Mie ningefatilia vitu vilikokwenda, koti lake analivaa nani saa hizi, baskeli anaipanda nani, ile saa iko mkononi mwa nani. Mpige huyo aliyenayo, tena akiwa kazini kwake, si amesimama kama wa pasipoti.

mzee_wa_forodhani: Bint kasema kweli. Mie naongeza la zamani. Nendeni Chapwani, kile kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, mkaone makaburi ya mabaharia wa Pegasus, manuwari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani hapa hapa bandarini Septemba 20, 1914. Wamezikwa pale, watalii wanapelekwa kuwaona. Haya, na wapagazi wetu waliobebeshwa mizigo bara vita hiyo hiyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, mpaka askofu Frank Weston akaongoza kikosi chao kutoka Unguja, picha yao iko ukuta gani? Kwa hao huna koti wala saa. Pita studio kongwe kama Capital Art pale mjini, ipo tokea 1930, wakupe japo za askari wa baadae.

mkoani_tu: Usiende na kamera siku ya kwanza!! Nenda na mtu wa shehia, kaa, kunywa kahawa, rudi siku nyengine. Na ruhusa uichukue kwa mama na kwa mke WOTE wawili, mana mmoja akikubali mwengine akaja kuskia kwa watu ni ugomvi wa ukoo mzima. Picha za kambini zenye wenzake nyuma usizitundike mpaka uulize jeshi. Ukitia framu acha uwazi baina ya picha na kioo, kwa unyevu wetu huu inaganda, siku ya kuitoa uso unabaki kwenye kioo.

picha_chake: Nshaelewa, vyumba nimeviacha. Ntaanza na nyumba moja ninayoijua. Maonesho nilifikiria Ngome Kongwe, kule Unguja mjini.

BintiWete: Ngome Kongwe peke yake hapana. Mama wa Micheweni hapandi boti akatazame picha ya mwanawe. Skuli za huku zina kumbi, omba.