Ridhaa ya utafiti kwa majeruhi wa kichwa asiyejitambua

Mdau_Nyamagana: Wakuu, tunaandaa utafiti wa matokeo ya upasuaji wa ubongo kwa majeruhi wa bodaboda hapa Mwanza. Wengi hufika hawajitambui. Nani atie saini? Na wa kisiwani Ukerewe tuwafuatilieje hadi miezi 6?

Kapripointi: Kwanza tenganisheni fomu ya upasuaji na ya utafiti. Ndugu akiletewa zote usiku wa dharura, huamini akikataa utafiti mgonjwa hapasuliwi. Hiyo si ridhaa hata kidogo. Ndugu wa karibu asaini kwa niaba, iwapo kamati ya maadili imeruhusu. Mgonjwa akirudiwa na fahamu aombwe upya. Kupata 15, alama ya juu kabisa kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow, hakutoshi: mwambieni aeleze utafiti kwa maneno yake. Asiyesoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yenu. Maelezo yawepo kwa Kisukuma na Kikerewe pia.

Takwimu_Igoma: Kwa ufuatiliaji, chukueni namba 3 za simu: yake, ya ndugu, ya mwenyekiti wa kitongoji. Hali yake baadaye inaulizika kwa simu, safari ya kivuko si lazima. Ila msiwafute kwenye hesabu wale mtakaoshindwa kuwapata tena. Wakiwa wa visiwani zaidi, mtatangaza matokeo ya watu wa mjini. Andikeni saa ya ajali, ya kufika, ya CT (picha ya kichwa) na ya kuanza upasuaji, na nani alilipia. Bila hizo mtalaumu kisiwa kwa matokeo mabaya yaliyoletwa na kuchelewa.

Mdau_Nyamagana: Shukrani. Fomu tunazitenganisha.